Asikloviri siku saba, TLD maisha yote: dawa za virusi hufanyaje kazi, na madhara yapi yasisubiriwe?

VHT_Arua

Habari zenu ndugu na wakubwa zangu. Nauliza kwa niaba ya kikundi chetu cha VHT (wahudumu wa afya wa kijiji) huku nje ya Arua, Uganda. Maswali tunayoulizwa majumbani ni yale yale, lakini kila mmoja wetu anayajibu kivyake, na hilo si zuri.

Mwenye mkanda wa jeshi (Waganda wanauita kisipi) anaandikiwa asikloviri mara tano kwa siku, siku saba, basi. Mwenye VVU anapewa TLD, kidonge kimoja kwa siku, maisha yote. Mwenye homa ya ini B naye anaambiwa asiache. Wote wanaelezwa kwamba wanameza dawa za virusi. Tofauti hii inatoka wapi? Halafu madhara: yapi tumwambie mtu avumilie, na yapi apelekwe kituoni siku hiyo hiyo? Na kuna mchanganyiko. Watu wanameza magnesia ya tumbo, dawa ya kuongeza damu, dawa za TB na mitishamba bila kumwambia yeyote. Wengine wanakuja kuulizia dawa ya virusi ya mafua.

Naomba majibu yenye vipimo, si "muone daktari" peke yake. Kutoka kwetu mpaka kituo cha afya cha ngazi ya tatu ni mbali, kwa hiyo tukimtuma mtu lazima tujue kwa nini tunamtuma.

Mfamasia_Kampala

Ndugu VHT, karibu dawa zote hizo haziui kirusi, zinakizuia kujizalisha. Kirusi hakili wala hakipumui. Kinaingia ndani ya seli ya mtu na kuitumia kutengeneza nakala zake. Amoksilini haikigusi kwa sababu amoksilini inaharibu ukuta wa bakteria, na kirusi hakina ukuta huo. Ugumu wa kutengeneza dawa ya virusi uko hapo pia: adui amejificha ndani ya seli za mgonjwa, na dawa inatakiwa imzuie bila kuiumiza nyumba aliyoingia.

Asikloviri ililiweza hilo vizuri sana, na Gertrude Elion, mmoja wa waliofanya kazi iliyoizaa, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Dawa hii inafanana na guanosini, kimojawapo cha vipande vinne vinavyojenga DNA, yaani maandishi ya urithi ndani ya seli. Ikimezwa inakuwa bado imelala. Ili iamke inahitaji kufungwa fosfeti tatu, na ile ya kwanza inafungwa na kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) cha kirusi chenyewe. Vimeng'enya vyetu karibu haviitambui. Kwa hiyo kwenye seli nzima inapita tu, na kwenye seli yenye kirusi inaamshwa, inaingizwa kwenye mnyororo wa DNA unaojengwa, na mnyororo unakomea hapo, kama treni iliyofungiwa behewa lisilo na ndoano ya nyuma. Hii ndiyo sababu madhara yake ni machache.

Udhaifu wake ni kwamba tumbo linapitisha chini ya theluthi ya kilichomezwa, na nusu ya kilichoingia kwenye damu inatoka ndani ya saa 3 hivi. Mara tano kwa siku inatokana na hesabu hiyo. Mtu akimeza mara mbili tu, saa nyingi za siku damu yake haina dawa ya kutosha, na kirusi kinaendelea kujinakili.

TLD ni dawa tatu ndani ya kidonge kimoja: tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegraviri 50. Mbili za kwanza nazo ni vipande bandia, ila zinamkwamisha mfanyakazi mwingine, kile kimeng'enya cha VVU kinachogeuza RNA yake (namna kirusi hiki kinavyobeba urithi wake) kuwa DNA. Dolutegraviri inazuia hatua inayofuata, ya kuishona DNA hiyo ndani ya DNA ya mtu. Tenofoviri ikishaingia ndani ya seli inakaa siku kadhaa, na dolutegraviri inakaa kwenye damu muda wa kutosha, ndiyo maana kidonge kimoja kinatosha siku nzima. Zimewekwa tatu kwa sababu kimeng'enya cha VVU kinakosea sana kinaponakili na hakirudi kusahihisha. Katika mabilioni ya nakala za siku moja, ya kukwepa dawa moja itapatikana. Ya kukwepa tatu kwa mara moja ni nadra mno, ikiwa dawa ziko kwenye damu kila siku.

Sasa kuhusu muda. VVU kikishashonwa kwenye DNA ya seli za kinga zinazoitwa CD4, baadhi ya seli hizo zinalala nacho miaka na miaka. Dawa inazuia nakala mpya tu, aliyelala haimfikii. Mtu akiacha, kwa kawaida virusi vinaonekana tena kwenye damu ndani ya wiki 2 hadi 4. Kirusi cha homa ya ini B kinaacha pete ya DNA ndani ya kiini cha seli ya ini, na tenofoviri haiifikii. Kirusi cha mkanda wa jeshi nacho hakiondoki, kimo kwenye mishipa ya fahamu tangu siku mtu alipougua tetekuwanga, ila kinga ya mwili inakilaza upya, na asikloviri inahitajika siku za mlipuko tu. Linganisha na homa ya ini C: kirusi chake ni cha RNA, hakina maficho kwenye kiini cha seli, na sofosbuviri pamoja na daklatasviri kwa wiki 12 vinawaponya walio wengi kabisa.

Mafua ya kawaida hayana dawa ya virusi. Influenza inayo, oseltamiviri, miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku 5 kwa mtu mzima. Inazuia virusi vipya kuchomoka kwenye seli, hivyo faida yake ni kubwa ikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo, na inawafaa zaidi wanaougua sana, wajawazito na wenye maradhi mengine. Inaleta kichefuchefu, imezwe na chakula.

Na msidhani dawa ya kirusi kimoja inakifaa ndugu yake. Ebola ya mwaka 2022 iliyoanzia Mubende, na ile ya 2025, zilikuwa za aina ya Sudan. Kingamwili mbili zilizoidhinishwa kutibu Ebola ni za aina ya Zaire, na kwa aina ya Sudan hazifai.

Nesi_Koboko

Niongeze kuhusu mkanda wa jeshi, maana huku ndiko hela za watu zinakopotea.

Dozi ya mtu mzima ni miligramu 800 kila mara. Vidonge vingi madukani ni vya 200 au 400. Cha 200 ni vinne kwa mara moja, ishirini kwa siku, 140 kwa siku saba. Cha 400 ni viwili kwa mara moja, jumla 70. Mtu akiuziwa karatasi moja ya vidonge kumi vya 200, ajue hiyo ni nusu ya dozi ya siku moja. Duka la dawa linalomwambia ameze kimoja mara tatu linampa dozi isiyotosha. Kimoja cha 400 mara tatu kwa siku ni dozi ya malengelenge ya sehemu za siri, ugonjwa wa kirusi kingine kinachoisikia dawa hii kwa urahisi zaidi.

Saa za kumeza: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Akishalala asiamshwe. Chakula hakina neno.

Dawa ianzwe ndani ya saa 72 tangu vipele vya kwanza. Baada ya hapo faida inapungua, ila kama malengelenge mapya bado yanatokea, au mgonjwa ana kinga dhaifu, anzeni tu. Krimu ya asikloviri haisaidii mkanda wa jeshi, kwa sababu kirusi kinatokea ndani kwenye mshipa. Hela ya krimu aongezee vidonge.

Maji anywe ya kutosha, mkojo uwe mweupe. Dawa hii inatokea kwenye figo, na ikiwa nyingi kwenye mkojo mchache inaganda chembechembe na kuziba njia. Mwenye figo mbovu, na mzee ambaye figo zake hazijapimwa, asimeze mara tano bila kupimwa krietinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi), maana dozi hushushwa hadi mara tatu au mara mbili kwa siku kulingana na figo zilivyo. Mzee aliyeanza asikloviri juzi, leo anatetemeka, anaweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, msimpeleke kwa mganga. Dawa imejaa kwenye damu. Simamisheni, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Vipele vikiwa kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua, aende leo, kwa kuwa jicho liko hatarini. Vikitokea kwa kijana, apimwe VVU. Na majimaji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua, kwa hiyo yafunikwe, na wajawazito na watoto wachanga wakae mbali mpaka yakauke yote.

Mpakani_Busia

Asanteni. Kwetu wengi wanaogopa ARV kwa kuwa waliona jirani akikonda mashavu na miguu akiwa anazitumia. Nyingine: mwenye TLD akipata malaria, Coartem ina shida? Na mama mjamzito je, ile habari ya watoto kuzaliwa na kasoro?

CO_Gulu

Mashavu kukonda ilikuwa stavudini, ARV ya zamani. Nayo ni kipande bandia, lakini mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, zina DNA yao na kimeng'enya chao cha kuinakili, na stavudini ilikidanganya hicho pia. Mafuta ya uso na miguu yakaisha, nyayo zikawaka moto. WHO (Shirika la Afya Duniani) ilishauri iondolewe taratibu tangu mwaka 2009. Zidovudini, ARV nyingine, ilipunguza damu kwa baadhi ya watu. Efavirenzi, nayo ARV, ilileta kizunguzungu na ndoto kali. Hofu hiyo ina mizizi ya kweli na watu wasidharauliwe kwa kuwa nayo, ila dawa za kwenye TLD karibu hazigusi mitokondria. Waelezwe hivyo hivyo, kwa kutaja dawa kwa majina.

Coartem na TLD hazigombani. Ilikuwa efavirenzi iliyopunguza lumefantrini, mojawapo ya dawa zilizo ndani ya Coartem, kwenye damu. Efavirenzi hiyo hiyo ilidhoofisha vipandikizi vya uzazi wa mpango, na dolutegraviri haifanyi hivyo. Habari ya kasoro za watoto ilianzia Botswana mwaka 2018, takwimu za mwanzo zikatia wasiwasi. Wajawazito wengi zaidi walipofuatiliwa wasiwasi huo ukaondoka, na WHO ikaipendekeza kwa wanawake wote.

Sasa mchanganyiko, na hapa naomba mtulie, kwa kuwa ndipo watu wanaomeza kila siku bila kukosa wanapoishia na virusi vilivyopanda.

Dolutegraviri inafanya kazi kwa kushika magnesi iliyo ndani ya kimeng'enya cha kirusi. Ikikutana na magnesi tumboni, inaishika huko huko, na haipiti tena kuingia kwenye damu. Kwa hiyo vidonge vyeupe vya magnesia vya vidonda vya tumbo, na dawa yoyote ya kiungulia yenye alumini, visimezwe pamoja nayo. TLD imezwe saa 2 kabla ya magnesia au saa 6 baada yake. Dawa ya kuongeza damu na kalsiamu nazo zina kanuni hiyo ya saa 2 na saa 6, ila kuna nafuu moja: zikimezwa pamoja na TLD katikati ya mlo, zinapatana. Mwambieni mjamzito ameze vyote na chakula cha jioni, au TLD asubuhi mapema na ya damu jioni. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, haisumbui TLD, hivyo mwenye vidonda vya tumbo ana njia nyingine.

TB. Rifampisini inalifanya ini liisage dolutegraviri haraka mno. Anayetumia dawa za TB lazima aongezewe dolutegraviri ya miligramu 50 peke yake, saa 12 baada ya TLD: TLD saa 2 asubuhi, ya ziada saa 2 usiku. Iendelee mpaka wiki 2 baada ya rifampisini kuisha, kwa sababu ini halirudi kwenye mwendo wake siku hiyo hiyo. Ukimkuta mtu ana vidonge vya TB na mkebe wa TLD lakini hana dolutegraviri ya ziada, mrudishe kliniki wiki hiyo.

Kifafa: kabamazepini, fenitoini na fenobabito zote zinaishusha dolutegraviri. Asiache dawa ya kifafa, anaweza kufa kwa degedege. Kliniki zote mbili zijuane, zibadilishe wao.

Kisukari: dolutegraviri inazuia metformini kutoka mwilini, kwa hiyo metformini isizidi miligramu 1,000 kwa siku nzima. Anayemeza 850 mara mbili na kuhamia TLD ataharisha na kuishiwa nguvu, na kama figo ni mbovu hatari ni kubwa zaidi. Jambo jingine, mwaka 2020 watafiti wa Kampala waliripoti wagonjwa ambao sukari yao ilipanda sana baada ya kuhamishiwa dolutegraviri. Kiu isiyokatika, kukojoa usiku kucha, kukonda ghafla katika wiki na miezi ya mwanzo: pimeni sukari siku hiyo. Mkisubiri anaweza kuzimia.

Ya kuvumilia ni kichwa kuuma, kichefuchefu na tumbo kuvurugika, kwa kawaida wiki chache. Usingizi ukipotea, dawa ihamie asubuhi, wengi wanapona kwa hilo tu. Uzito kuongezeka ni kweli, hasa kwa wanawake, na apimwe kila akija kliniki.

Ya kwenda leo: macho ya manjano, upele unaoambatana na homa, vidonda mdomoni au ngozi kuchubuka, uso au midomo kuvimba, mkojo kupungua sana. Pia homa mpya, kikohozi au tezi kuvimba miezi ya mwanzo baada ya kuanza ARV. Kinga ikiamka inaanza kupigana na TB iliyokuwa imejificha, na mgonjwa anadhani dawa ndiyo iliyomletea. Asiache, apimwe makohozi.

Mitishamba, mululuza na mingineyo: isichukue nafasi ya kidonge, na aitaje kliniki. Macho yakigeuka manjano, mitishamba isimamishwe papo hapo, na aende na chupa yake.

Nesi_Koboko

CO, naomba niweke mkazo kwenye figo. Tenofoviri inavutwa ndani ya seli za mirija ya figo na kurundikana humo. Diklofenaki ikiongezwa juu yake kila siku, figo zinapigwa kutoka pande mbili, na huku kwetu diklofenaki inamezwa kwa mgongo, kwa goti, kwa kila kitu. Mwenye TLD anayeumwa apewe parasetamoli kwanza. Uwezo wa figo kuchuja ukishuka chini ya mililita 50 kwa dakika kwenye kipimo, kidonge cha TLD kilivyo hakimfai tena, kliniki itabadilisha.

Dolutegraviri inapandisha krietinini kidogo mwezi wa kwanza bila kuumiza figo, inazuia njia yake ya kutokea tu. Ikipanda kidogo ikatulia, hamna shida. Ikizidi kupanda kila kipimo, au mkojo una protini au sukari wakati sukari ya damu ni ya kawaida, hapo mshuku tenofoviri.

Na wale wenye VVU na homa ya ini B kwa pamoja: tenofoviri na lamivudini zinazuia vyote viwili. Akiacha TLD ghafla, au akibadilishiwa dawa bila kupimwa homa ya ini, ini linaweza kuwaka ndani ya wiki chache, na wapo wanaokufa kwa hilo. Huku kaskazini homa ya ini B ni nyingi, kwa hiyo swali la "umepimwa B?" liulizwe kwa kila mtu.

VHT_Arua

Mmenisaidia sana wakubwa zangu. Mawili yamebaki. Akitapika baada ya kumeza TLD, arudie? Na wengi wanamimina vidonge kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) ili mkebe usilie njiani, inaharibu?

Mfamasia_Kampala

Akitapika ndani ya saa moja, au akikiona kidonge kwenye matapishi, arudie kimoja. Baada ya hapo asirudie. Akisahau, ameze akikumbuka siku hiyo hiyo, kisha arudi kwenye saa yake. Asimeze viwili ili kufidia cha jana.

Kaveera inaharibu, ndiyo. Unyevu unaingia, vidonge vinalainika na kumeguka. Vikae kwenye mkebe wake, kifuniko kimekazwa, pamoja na kile kifuko kidogo cha kukausha unyevu, mahali pasipozidi nyuzi 30, mbali na bati la paa na jiko. Kuzuia mlio, asindilie pamba safi kavu juu ya vidonge mpaka mkebe ujae, na aibadilishe ikishika unyevu. Akisafiri siku mbili tatu, atoe vya siku hizo tu, aviweke kwenye kichupa kidogo kikavu chenye kifuniko, na mkebe ubaki nyumbani.

Kidonge kilichobadilika rangi, kilichopasuka au kunata asikimeze. Arudi nacho kliniki apewe vingine, na ninyi VHT mkimsindikiza inakuwa rahisi kwake kueleza kwa nini vimepungua kabla ya tarehe.